Kuunda mashine ya PET na MRI ya wanyama wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bagamoyo na Tanga

Majibu haya ni ya mafundi wa umeme na mitambo, wanafunzi wa fizikia, madaktari wa mifugo na watafiti walioko Bagamoyo na Tanga. Tukisema kipanya tunamaanisha yule wa maabara wa gramu 20 hadi 30. Tukisema panya, ni yule wa gramu 250 hadi 300. Joto, unyevu na umbali wa dawa vimepewa nafasi kubwa, maana vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi wanaoishi jirani na saiklotroni, mashine inayotengeneza dawa za mionzi.

PET inaona nini ambacho MRI haioni?

PET inaona dawa yenye mionzi ilikokwenda mwilini. Positroni, chembe yenye chaji chanya, inatoka kwenye dawa, inatembea kidogo, inakutana na elektroni, zote mbili zinatoweka na kuacha fotoni mbili za keV 511 (keV ni kipimo cha nishati) zinazokimbilia pande mbili zinazopingana. Vigunduzi viwili vya pete inayomzunguka mnyama vikizinasa kwa wakati mmoja, tunajua tukio lilitokea mahali fulani kwenye mstari unaoviunganisha. Kiasi kidogo mno cha dawa kinatosha kuonekana. Ila picha yenyewe ni mawingu gizani: hujui wingu hili liko kwenye figo au kwenye uvimbe ulio ubavuni mwa figo. MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, inachora nyama laini kwa undani wa sehemu ya kumi ya milimita, lakini kiasi hicho cha dawa haikioni kabisa.

CT, yaani picha za eksirei zinazopigwa kuzunguka mwili, nayo inaweza kuonyesha umbo la mwili. Tatizo ni kwamba nyama laini hazitofautiani vizuri kwenye CT, tena inamwongezea mnyama mionzi. Kipanya mwenye uvimbe akipigwa CT kila wiki, mionzi hiyo yenyewe inaweza kuanza kubadilisha uvimbe unaoupima.

Tunaweza kuona vimelea vya malaria?

Vimelea vyenyewe, hapana. Kinachoonekana ni wanachomfanyia mnyama. Kipanya aliyeambukizwa *Plasmodium berghei* wa aina ya ANKA hupata ugonjwa unaofanana na malaria ya ubongo. MRI inaonyesha ubongo ukivimba na damu ikivuja, na PET yenye sukari ya mionzi (FDG) inaonyesha ni sehemu gani zinatumia sukari zaidi au zimeacha kuitumia. Kwa Bagamoyo, mji ambao Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake cha utafiti wa malaria, swali hili lina haki ya kuulizwa kwanza.

Kwa nini kipanya asiingizwe tu kwenye mashine ya hospitali?

Ubongo wake haufiki hata nusu gramu. Mashine ya watu hutenganisha vitu vilivyoachana mm 4 au 5, kwa hiyo ubongo mzima wa kipanya utatoka kama madoa machache yaliyoshikana. Isitoshe, fotoni mbili haziendi kwenye mstari ulionyooka kabisa. Kosa lake ni kama 0.0022 ukizidisha kwa kipenyo cha pete: pete ya mm 800 inakuletea ukungu wa mm 1.8 hata ukiwa na vigunduzi vya ajabu, pete ya mm 70 inakuletea mm 0.15 tu. Pete ndogo pia inamzunguka mnyama kwa karibu na kunasa fotoni nyingi zaidi.

Wazo la kuziunganisha limetoka wapi?

Mwaka 1997 Yiping Shao, Simon Cherry, Paul Marsden na wenzao walionyesha kwamba picha za PET na MRI zinaweza kupigwa kwa wakati mmoja. Waliweka fuwele zinazogeuza fotoni za keV 511 kuwa mwanga ndani ya sumaku, wakapitisha mwanga kwenye nyuzi ndefu hadi kwenye mirija ya umeme iliyokaa mbali. Mwaka 2008 kundi la Bernd Pichler wa Tübingen, Ujerumani, na kundi la Davis, California, yote mawili yalichapisha mashine za wanyama wadogo ndani ya sumaku ya tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), safari hii kwa vigunduzi vya silikoni vinavyofanya kazi ndani ya sumaku yenyewe.

Kuna njia ngapi za kuziunganisha?

Tatu. Ya kwanza ni kuziweka moja nyuma ya nyingine, kitanda kimoja kikipita zote mbili. Mnyama anapigwa PET, anasukumwa sentimita kadhaa, anapigwa MRI. Ya pili ni kutengeneza pete inayochomekwa ndani ya sumaku iliyopo na kutolewa ikimaliza kazi. Ya tatu ni kujenga pete na koili za MRI kama kitu kimoja tangu mwanzo.

Maoni yetu kwa maabara inayoanza hapa pwani: anza na pete, usianze na sumaku. Pete unaweza kuijenga na kuijaribu mezani kwa miaka miwili bila kununua hata lita moja ya heliamu ya kupozea sumaku. Halafu amua kama unahitaji kweli picha za wakati mmoja. Kama swali lako ni uvimbe umekua kiasi gani wiki hii, njia ya kwanza yenye sumaku ya kudumu ya tesla 1 inatosha, na haikulazi macho umeme unapokatika. Picha za wakati mmoja zinahitajika pale kitu kinapobadilika dakika kwa dakika: damu inavyoingia kwenye ubongo, dawa inavyopita kwenye figo.

Kwa nini mirija ya kawaida ya PET haifanyi kazi ndani ya sumaku?

Mrija wa fotomaltiplaya hurusha elektroni kutoka bamba moja hadi jingine, na kila bamba huongeza idadi. Uga wa sumaku unazipinda njiani, hazilifikii bamba linalofuata, na ishara inakufa. Hata uga mdogo unaovuja nje ya sumaku unatosha kuiharibu.

Kinachotumika sasa ni kigunduzi cha silikoni kiitwacho SiPM. Ni bamba dogo lenye maelfu ya seli. Kila seli ikipigwa na fotoni ya mwanga inamwaga elektroni kama milioni moja. Elektroni hazina nafasi ya kusafiri, kwa hiyo sumaku haizisumbui. Watangulizi wao, diodi za poromoko (APD), nazo zilivumilia sumaku, lakini huzidisha mara mia kadhaa tu, na kwa hiyo zilihitaji vikuza-ishara vyepesi kudaka kila kelele ya MRI. Kwa kazi mpya hatuoni sababu ya kurudi huko.

Pete inahitaji fuwele ngapi, za ukubwa gani?

Chukua mfano wa pete ya kipanya inayoingia kwenye gradienti (koili za MRI zinazobadilisha uga haraka ili kujua mahali) yenye uwazi wa mm 120. Kutoka uso wa fuwele hadi uso wa fuwele ya ng'ambo weka mm 70. Panga moduli 10 kwa duara, kila moja ikiwa na fuwele 12 kwa 12 za LYSO, unene mm 1.5, urefu mm 10, na tabaka la kuakisi mwanga katikati yake, ili hatua kutoka fuwele hadi fuwele iwe mm 1.6. Moduli ina upana wa mm 19.2. Safu tatu kwa urefu zinakupa moduli 30 na fuwele 4,320, na uwanja wa kuona wa takribani mm 60. Sehemu kubwa ya mwili wa kipanya, bila mkia, inaenea humo.

Sasa nafasi. Fuwele mm 10, SiPM na bodi zake na bomba la kupozea mm 10 nyingine: kipenyo cha nje mm 110, na pembe za moduli zinafika karibu mm 112. Umebakiwa na mm 4 kila upande kwa ganda na kinga ya shaba. Mtu akikwambia ataongeza kiunganishi chenye kimo cha mm 5 nyuma ya bodi, ujue mashine haitaingia.

Kwa nini tusitumie fuwele ndefu zaidi ili tunase fotoni nyingi?

Hesabu inavutia. Fuwele ya mm 10 inasimamisha fotoni 56 hivi katika 100, lakini tunahitaji zote mbili zinaswe, kwa hiyo tukio linalohesabika ni 32 katika 100. Ukienda mm 15 unapata 50. Faida kubwa.

Gharama yake iko pembezoni. Fotoni inayotoka karibu na ukingo wa uwanja huingia kwenye fuwele kwa mshazari, inaweza kupita fuwele ya kwanza na kusimama kwenye ya pili au ya tatu. Mashine inadhani iliingia hapo iliposimama, na nukta ya duara inageuka kuwa yai. Pete ikiwa ndogo na fuwele ndefu, tatizo ni baya zaidi. Dawa yake ni kupima kina: ama tabaka mbili za fuwele zilizopishana nusu hatua, ama SiPM pande zote mbili za fuwele. Tabaka mbili ni rahisi zaidi kutengeneza. SiPM mbili zina kipimo bora, ila unaweka elektroniki na joto lake mbele ya mnyama. Kama huna uwezo wa lolote kati ya hayo, baki mm 10 na ukubali kuhesabu polepole.

Nimewasha pete bila dawa yoyote na inahesabu. Imeharibika?

Haijaharibika. LYSO ina lutetiamu, na asilimia 2.6 ya lutetiamu ya asili ni Lu-176 yenye mionzi. Kila sentimita ya ujazo hutoa matukio kama 300 kwa sekunde, na pete yetu ya mfano ina karibu sentimita 97 za ujazo. Weka kizingiti cha chini juu ya keV 307. Sisi hutumia dirisha la keV 350 hadi 650. Mionzi hii ina faida: unaweza kuitumia usiku kukagua kama kila fuwele iko hai bila kufungua chanzo chochote.

Kinga ya shaba iwe nene kiasi gani?

Kinga hii huzuia mawimbi ya redio yasipite kati ya pete na MRI, na hapa ndipo mashine mbili zinapogombana waziwazi. Kwa tesla 7, MRI hupiga na kusikiliza mawimbi ya redio ya takribani MHz 300. Mawimbi hayo yanaingia kwenye shaba kwa kina cha maikromita 3.8 tu, kwa hiyo karatasi ya shaba ya maikromita 35, ile ile ya bodi za saketi, ni ukuta tosha. Gradienti kwa upande wake hubadilika kwa kasi ya kilohezi chache. Karatasi nyembamba haizizuii, na ndivyo tunavyotaka, lakini shaba ikiwa bamba pana lisilokatika, mikondo inazunguka ndani yake. Mikondo hiyo inazaa uga wake, picha ya MRI inapinda, na shaba inapata moto.

Suluhisho ni kuikata. Chukua karatasi mbili za shaba zenye plastiki ya polimaidi ya maikromita 50 katikati. Kata ya juu kwa mistari ya kwenda na urefu wa pete, kata ya chini vivyo hivyo, lakini mikato ipishane kama vigae vya paa. Mkondo wa kilohezi unakuta njia imekatika. Mawimbi ya MHz 300 yanavuka kutoka tabaka hadi tabaka kana kwamba hakuna mkato, kwa sababu shaba mbili zinazotazamana ni kapasita. Kinga ya nyuzi za kaboni nayo inatumika, ina mikondo michache, ila maungio yake yanahitaji mkono wa fundi mzuri.

Neno moja kwa walio karibu na bahari: hewa ya chumvi hula maungio ya shaba. Yakishachakaa kwa kijani, kinga inaonekana nzima kwa macho na inavuja kwa redio. Lehemu maungio, usitegemee gundi ya utepe wa shaba, na pima upya kila baada ya miezi sita.

Nitajuaje kifaa kina sumaku?

Funga sumaku ndogo ya neodimiamu kwenye uzi wa sentimita 30, ining'inie bila kutikisika, kisha sogeza kifaa taratibu kuelekea kwake. Ikisogea hata kwa unywele, kifaa hakiingii. Fanya hivyo kwa kila aina ya kipande, hata kile ambacho karatasi ya muuzaji inasema ni salama.

Wanaokamatwa mara nyingi ni hawa. Bodi zilizopakwa dhahabu: chini ya dhahabu huwa kuna nikeli, agiza bodi zilizopakwa fedha badala yake. Kapasita za kauri zenye ncha za nikeli. Zipo zisizo na sumaku, ziombe kwa jina hilo. Viunganishi, pini zake hasa. Skrubu: tumia za nailoni, shaba njano au titani. Shanga za feriti na koili zenye kiini cha feriti ndani ya vibadilisha volti: uga unazijaza, zinaacha kufanya kazi, na kibadilishaji kinaungua; tumia koili za hewa au peleka volti ikiwa tayari kutoka nje. Na kinga ya sindano ya tungsteni: aloi nyingine zina chuma ndani yake. Risasi haivutwi, lakini tungsteni uifunge kwenye uzi kwanza.

Picha za MRI zimeharibika tangu pete iingie. Nianzie wapi?

Weka chupa ya maji yenye chumvi kidogo katikati ya koili na piga picha ile ile mara tatu: pete ikiwa nje, pete ikiwa ndani lakini imezimwa, pete ikiwa ndani na imewashwa. Usiguse mpangilio mwingine wowote.

Ubora ukishuka kwenye hatua ya pili, kosa ni la vitu, si la umeme. Kinga iko karibu mno na koili na imebadilisha masafa yake, basi rekebisha kapasita za koili upya huku pete ikiwa ndani. Au kuna kipande chenye sumaku kinachopinda uga. Ramani ya uga itakuonyesha kiko saa ngapi kwenye duara.

Ubora ukishuka kwenye hatua ya tatu tu, pete inapiga kelele za redio. Mistari iliyonyooka inayokatiza picha huwa ni saa ya dijitali, yaani mapigo yanayoendesha saketi. Angalia hesabu: saa ya MHz 100 ina mwangwi wa tatu kwenye MHz 300, hapohapo MRI inaposikiliza. Saa za MHz 50, 60, 25 na 20 zote zinaangukia hapo pia. Ya MHz 80 ina mwangwi kwenye 240 na 320, inakuacha salama. Kosa hili hufanywa na watu werevu, kwa kuwa MHz 100 ndiyo saa iliyo kwenye kila bodi ya majaribio. Kama si saa, ni waya: kila waya unaoingia chumba cha sumaku upite kwenye filta iliyofungwa ukutani, au tumia nyuzi za mwanga kwa data.

Na PET inapoteza hesabu MRI inapopiga. Kwa nini?

Weka chanzo cha Na-22 katikati na uhesabu dakika tano MRI ikiwa kimya, dakika tano gradienti zikipiga bila redio, dakika tano redio bila gradienti. Zikipungua kwa redio tu, mapigo yanaingia kwenye saketi na kigunduzi kinadhani kimeona mwanga. Kinga ina mwanya. Zikipungua kwa gradienti, tafuta kitanzi cha waya: waya wa kwenda na wa kurudi usiposokotwa pamoja ni antena. Zikishuka polepole dakika baada ya dakika na kubaki chini hata MRI ikinyamaza, hilo ni joto.

Joto lina uzito gani kweli?

Kwa SiPM, volti inayohitajika kuwasha seli hupanda kwa milivolti 20 hadi 60 kwa kila nyuzi moja ya joto, kutegemea aina. Tuseme yako ni 50 na unaiendesha volti 3 juu ya kizingiti. Chumba kikipanda nyuzi 5, umepoteza volti 0.25 kati ya 3, karibu asilimia 8, na kilele cha keV 511 kinashuka hadi 470 au chini zaidi. Matukio mazuri yanaanza kuangukia nje ya dirisha. Wakati huohuo kelele za giza za SiPM huongezeka karibu maradufu kila nyuzi 8 hadi 10. Weka kipimajoto kwenye kila moduli na programu irekebishe volti yenyewe kila sekunde chache.

Jaribu la kwanza la mtu ni kupoza sana, na Bagamoyo kupoza sana ndiyo hatari kubwa. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kudondosha umande ikigusa kitu cha nyuzi 24. Chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50, umande wake uko kwenye nyuzi 11, kwa hiyo bomba la nyuzi 15 ni kavu kabisa. Kisha umeme unakatika. Kiyoyozi kinasimama, mlango unafunguliwa watu wapate hewa, na pampu ya maji baridi, ambayo mtu mwenye nia njema aliiweka kwenye betri, inaendelea. Ndani ya nusu saa bomba linatoka jasho, matone yanashuka juu ya bodi zenye volti, na chumvi iliyotua humo inayageuza kuwa njia ya umeme. LYSO yenyewe hainyonyi unyevu. SiPM na bodi ndizo zinazokufa.

Kwa hiyo pampu na kiyoyozi viwe kwenye umeme mmoja wa akiba, au vyote visiwepo. Endesha pete kwenye nyuzi 18 hadi 20. Pitisha hewa kavu ndani ya ganda muda wote, hata siku ya mapumziko. Na weka kipima unyevu ndani ya ganda kinachozima volti kikiona hatari, bila kumuuliza mtu.

Umeme ukikatika, sumaku inakuwaje?

Sumaku ya kudumu haijali, ila joto la chumba likibadilika uga wake unahama na itakubidi usubiri utulie. Sumaku ya heliamu oevu huendelea kushika uga, lakini kipozeo chake kimesimama na heliamu inachemka kutoka. Lita moja ya heliamu oevu ni zaidi ya lita 700 za gesi, na hizo zinaifukuza oksijeni chumbani: bomba la kutolea nje na king'ora cha oksijeni ni vya lazima. Sumaku zisizo na heliamu oevu hupoteza ubaridi haraka zaidi. Jenereta ya kipozeo iwe na majaribio ya kila wiki yenye mzigo, siyo ya kuiwasha na kuizima.

Dawa ya mionzi itafikaje?

F-18, iliyo ndani ya FDG, inapungua nusu kila dakika 110. Bagamoyo iko kilomita 65 hivi kutoka Dar es Salaam. Dawa ikitoka huko, pamoja na karatasi, upakiaji na foleni, hesabu saa mbili na utapokea karibu nusu. Tanga ni kama kilomita 350 kwa barabara. Saa tano na nusu za safari ni kupungua nusu mara tatu: ukitaka MBq 100 (MBq ni kipimo cha mionzi) mezani, MBq 800 lazima zipakiwe, na basi likipata pancha njiani kazi ya siku imeisha. C-11, yenye dakika 20, isahau katika miji yote miwili.

Kwa Tanga tungependekeza jenereta ya Ga-68, siyo ya umeme bali chombo kinachotoa dawa ya mionzi. Mama yake, Ge-68, hudumu siku 271 kabla ya kufikia nusu, na unaikamua hapohapo kila baada ya saa nne hivi. Cu-64 (saa 12.7) na Zr-89 (siku 3.3) nazo zinavumilia safari.

Ga-68 si inaharibu ukali wa picha?

Ndiyo. Positroni yake ina nguvu. Kwenye maji husafiri wastani wa karibu mm 3 kabla ya kutoweka, wakati ya F-18 husafiri mm 0.6. Hapa sumaku kali inakusaidia bila kuombwa, kwa kuwa uga unaizungusha positroni. Kwa nishati ya wastani ya Ga-68 nusukipenyo cha mzunguko huo ni mm 0.6 kwenye tesla 7, mm 1.4 kwenye tesla 3, na mm 4 kwenye tesla 1, yaani kwenye tesla 1 huoni faida. Tahadhari: uga unabana kwa upana tu. Kwa kufuata urefu wa sumaku positroni inakwenda kama kawaida, kwa hiyo doa linakuwa jembamba lakini refu.

Mnyama anaandaliwaje siku ya kipimo cha FDG?

Mnyime chakula saa 4 hadi 6, maji abaki nayo. Mpashe joto nusu saa kabla, kwenye kizimba cha nyuzi 30. Kipanya anayesikia baridi huchoma mafuta ya kahawia mabegani, na picha yako itawaka mabegani badala ya kwenye uvimbe. Mlaze kwa gesi ya usingizi ya isofluraini asilimia 4, kisha mshike kwenye 1.5 hadi 2 ndani ya oksijeni. Xylazine iepuke, inapandisha sukari ya damu. Mafuta ya macho usiyasahau.

Chovya mkia kwenye maji ya nyuzi 38 hadi mshipa uonekane, choma MBq 5 hadi 10 katika mililita 0.1, usizidi 0.2. Pima bomba la sindano kabla na baada, na andika saa ya kila kipimo kwa saa moja tu ya ukutani. Dakika 37 zisizohesabiwa ni kosa la asilimia 21. Kisha pima mkia wenyewe: dawa ikibaki pale, imemwagika nje ya mshipa, na namba zote za siku hiyo hazina maana.

Subiri dakika 45 hadi 60. Muda huo si wa kukaa bure. Piga MRI ya umbo. Ndani ya mashine weka pumzi kati ya 40 na 80 kwa dakika na joto la mwili nyuzi 37. Chombo cha isofluraini kikae nje ya mstari wa gausi 5 (mpaka ambapo uga wa sumaku unakuwa dhaifu), na mpira wa mita 3 au 4 una maana kwamba mabadiliko unayofanya leo kwenye kitasa yanamfikia mnyama baada ya muda. Usiongeze mara mbili kwa haraka.

Inabidi kurekebisha mionzi inayonyonywa na mwili?

Kwa mtu wa hospitali huwezi kuruka hatua hii. Kwa kipanya wa unene wa sentimita 3 unapoteza robo, kwa panya wa sentimita 5 unapoteza asilimia 38. Ukilinganisha wanyama wa ukubwa mmoja unaweza kuvumilia. Ukitaka namba halisi, rekebisha. MRI haionyeshi koili wala kitanda, kwa hiyo ramani ya jinsi vinavyonyonya mionzi itengenezwe mara moja na kuhifadhiwa. Kapasita za koili zikae kwenye ncha, nje ya zile mm 60 za uwanja wa PET, la sivyo kila moja itaacha kivuli.

Picha mbili zinalinganishwaje mahali?

Jaza mirija mitatu membamba, isiyolingana pembe, kwa maji yenye F-18 kidogo. Zote mbili zinaiona. Tafuta mzunguko na msogeo unaoilaza moja juu ya nyingine, uhifadhi. Rudia kila pete inapotolewa na kurudishwa. Kigingi cha kuizuia isizunguke kinasaidia, lakini hakiondoi haja ya kupima. Kwa vipimo rasmi vya PET fuata kiwango cha NEMA NU 4-2008.

Panya buku anaingia?

Wale wa Morogoro wanaofunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu na kifua kikuu hufika kilo moja na zaidi. Kwenye pete ya mm 70 haingii hata bega.

Vibali gani vinahitajika?

Vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003. Wanyama wako chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako. Anza na vya mionzi, kwa kuwa mchoro wa chumba unategemea majibu yao.

Maranda na mkojo wa mnyama aliyechomwa vinatupwa wapi?

Havitupwi siku hiyo. Vifungwe, viandikwe tarehe na saa, vikae nyuma ya risasi hadi mionzi ipungue nusu mara kumi: saa 18 na dakika 20 kwa F-18, saa 11 na dakika 20 hivi kwa Ga-68. Pima kwa kipimo cha mionzi kabla ya kufungua mfuko, na ondoa alama ya mionzi kabla haujaenda jalalani.